Mistari Ishirini na Tano

Kila siku saa tatu asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, Baba hutoka na daftari lake, hupita zizi la ng'ombe na kwenda kusimama mbele ya kipimamvua. Ni silinda ya bati iliyofungwa kwenye kigingi na kuzungushiwa waya. Idara ya hali ya hewa ilimwachia kifaa hicho mwaka niliozaliwa, na katika miaka yote hiyo amepata barua mbili za shukrani. Mama amezitia fremu na kuzitundika sebuleni, moja kila upande wa kalenda ya kanisa.

Agosti ile ya mwaka 2007 shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nimerudi nyumbani, shambani kwetu nje ya mji wa Kitale. Goti la Baba lilikuwa limevimba, kwa hiyo mimi ndiye niliyeinama. Nilitoa chupa ya ndani, nikamimina maji kwenye bilauri ya kupimia, nikaiinua mpaka usawa wa macho.

"Kumi na mbili nukta nne," nikasema.

"Nne ama tano? Usinipatie ya kukisia."

"Nne, Baba."

"Haya, andika." Alinipa daftari. "Halafu hapo juu yake uandike kumi na moja."

"Hapo juu ni ya jana."

"Si ndiyo. Ya jana."

Jana yake tulikuwa Naitiri kumzika shangazi yake Baba. Tuliporudi jioni tulikuta ndama ameruka waya na kulipindua bati, maji yote chini. Hakuna aliyejua mvua ya siku hiyo ilikuwa kiasi gani. Huenda hata haikunyesha.

"Jana hatukupima, Baba."

"Juzi ilikuwa kumi na moja. Rudia hiyo hiyo. Daftari haitaki mwanya, Maitu. Ukiacha mwanya wanasema ni uzembe." Baba huniita Maitu, yaani mama yangu kwa lugha yetu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Wakiuru.

Kalamu iligusa karatasi, ikasimama hapo. Doa la wino likaanza kukua.

"Maitu? Wino umeisha?"

Nilikuwa nimesimama kwenye nyasi zenye umande, daftari la mvua mkononi, nami nimejua jambo ambalo dakika moja kabla yake sikulijua. Baba akachukua kalamu na kuandika ile kumi na moja kwa mkono wake, kwa tarakimu nzuri zilizonyooka, kama zilivyo tarakimu zake zote.

Mimi hufundisha fizikia katika shule moja ya wasichana mjini Bungoma. Wekoye hufundisha hesabu hapo hapo. Chuoni sote wawili tulifundishwa na mtu mmoja, Daktari Kemboi, na ni yeye aliyetuingiza katika mambo ya nyota. Alituambia hakuna sababu walimu wawili wa sekondari wasifanye kazi ya utafiti jioni baada ya kusahihisha madaftari, maadamu data imewekwa kwenye mtandao na kila mtu anaruhusiwa kuichukua.

Kuna nyota zilizokufa ambazo zimejifinyanga zikawa ndogo mno. Moja ina uzito kulishinda jua, na upana wake ni kilomita ishirini hivi. Ukiiweka Kitale haifiki Naitiri. Mwishoni mwa mwaka 2004 nyota moja ya aina hiyo, mbali sana na sisi, ililipuka. Setilaiti zikauona mwanga wake ukifika ghafla, kisha ukififia kwa dakika kama sita, ukipanda na kushuka kila sekunde saba na nusu kwa sababu nyota yenyewe ilikuwa ikizunguka. Ndani ya mwanga huo uliokuwa ukififia, wataalamu walikuta kitu kingine. Ulikuwa unatetemeka. Mara kumi na nane kwa sekunde. Mara thelathini. Mara tisini na mbili. Ganda la nyota lilikuwa limepasuka, na nyota nzima ikawa inalia kama sufuria iliyoanguka sakafuni.

Hakuna mtu atakayeipasua nyota ile aone kilichomo ndani. Lakini Mama akitaka kujua maji yaliyobaki kwenye tanki hapandi ngazi. Huligonga kwa vifundo vya vidole, kuanzia chini kwenda juu, mpaka sauti inapobadilika, na hapo anajua yameishia wapi. Ndivyo wanavyofanya na nyota. Kutokana na mitetemo yake wanahesabu ganda ni nene kiasi gani, na chini ya ganda kuna nini.

Wekoye aliandika programu ya kutafuta mitetemo. Kazi yangu ilikuwa kukusanya data na kuisafisha. Daktari Kemboi aliikata vipande arobaini ili tuweze kuivuta, nami likizo ya Aprili nilikwenda saiba ya Gichuki, duka la mtandao mjini Kitale, kila siku, nikavivuta kimoja kimoja. Mtandao ulikuwa unakatika. Vipande saba vilifika na mashimo, mahali ambapo mistari ya tarakimu ilikuwa imepotea. Nilimwandikia Daktari Kemboi, akanitumia upya. Vikaja na mashimo. Nikamwandikia tena, akatuma tena. Mashimo yakapungua lakini hayakuisha. Kumwandikia mara ya tatu niliona haya.

Kwa hiyo niliyaziba. Nilichukua mistari iliyotangulia shimo, nikaikopi, nikairudia mpaka shimo likajaa. Wala sikuhisi kwamba natenda kosa. Nilikuwa nimekulia katika nyumba ambamo mwanya hauachwi wazi.

Mwezi Juni programu ya Wekoye ilikuta mitetemo yote inayojulikana, na pamoja nayo mmoja ambao haukuwa katika maandishi ya mtu yeyote. Mara arobaini kwa sekunde. Alipiga meza ya chumba cha walimu hadi chai ya naibu mwalimu mkuu ikamwagika. Daktari Kemboi alitazama grafu yetu wiki nzima. Kwa kuwa ile mitetemo ya zamani ilikuwa mahali pake, aliuamini na huu mpya. Alisema ameuamini pia kwa sababu faili zilisafishwa na Wakiuru, na katika wanafunzi wake wote hajaona mwangalifu kama Wakiuru.

*

Asubuhi hiyo hiyo ya daftari la mvua, Jumatatu, nilikwenda mjini, sikunywa hata chai. Gichuki alikuwa anafuta vumbi kwenye kompyuta kwa fulana kuukuu.

"Sista, leo umekuja na sura ya mtihani."

"Ile mashine ya kona iko?"

"Iko, ni yako. Wengine wanaikataa, ati herufi zake ni kubwa kama za chekechea."

Nilichomeka flashi yangu, nikafungua kipande cha kumi na moja, nikashuka hadi mahali pa shimo. Zilikuwepo. Tarakimu zile zile, kisha tena zile zile, kisha tena, kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika sentensi moja ukurasa mzima. Nikahesabu mistari ya kundi moja. Ishirini na tano. Nikafungua kipande cha kumi na tisa. Ishirini na tano. Nilijua sababu kabla sijaitafuta: dirisha la mashine ile lilionyesha mistari ishirini na tano kwa mara moja. Mwezi wa Aprili nilikuwa nakopi ukurasa mmoja wa kioo, basi.

Kila mstari ulikuwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Elfu moja gawanya kwa ishirini na tano. Mwanafunzi wa darasa la nne angepata arobaini bila karatasi: mtetemo wetu mpya ulikuwa kurudia kwangu.

"Mtandao umekataa?" Gichuki aliuliza. "Mbona unalia?"

"Hapana. Ni hii kioo inaniumiza macho."

Simu ililia nikiwa bado nimekaa hapo. Alikuwa Wekoye.

"Daktari!" akanitania, kabla sijasema haloo.

"Wekoye, hata mimi nilikuwa nataka..."

"Ngoja kwanza. Mkutano ni Jumanne ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, Nairobi. Kemboi amesema nisome mimi mwenyewe. Unaskia? Mtoto wa Bumula asimame mbele ya wazungu awaambie nyota ina ganda la aina gani! Nimechukua suti ya marehemu mzee, Mama anaipunguza mikono."

"Hiyo arobaini, Wekoye..."

"Arobaini ndiyo mambo yote! Zingine si walishaziona? Arobaini ni yetu. Kemboi anasema kuna profesa atakuwa hapo anatafuta mwanafunzi wa kuenda kusoma naye. Bana, mimi hata silali."

"Tungeangalia tena."

"Umeanza. Wewe hata ukipewa mia kwa mia unauliza kama ulisahihishwa vizuri. Skiza, Jumamosi uje nyumbani. Mama anachinja kuku. Hujaombwa, umeamriwa."

Akakata. Nilianza kumwandikia ujumbe. Niliandika *Kuna shida*, nikafuta. Niliandika *Arobaini si kweli*, nikafuta. Mwisho nilituma *Nitakuja*, na huo ndio ujumbe pekee niliomtumia wiki ile.

Siku zilizofuata nilikuwa nasema nitampigia kesho. Nilikuwa najua vizuri kitakachotokea nikinyamaza. Jumanne Wekoye angesimama amevaa suti ya baba yake, aonyeshe watu mtetemo ambao nyota haikuutoa, na kutoka kwenye mtetemo huo awatajie unene wa ganda. Mmoja wao angerudi kwao, aitazame data nzima isiyo na mashimo, asione kitu. Jina la Wekoye lingeishia hapo, na la Daktari Kemboi pamoja nalo. Nilijua pia kitakachotokea nikisema. Wekoye asingekwenda popote. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Hata sokoni watu waliokuwa wakitaniana tangu zamani walikuwa wameanza kuchagua maneno. Niliogopa kuwa msichana wa Kitale wa kabila lingine, mtoto wa mzee Mbogo, aliyemharibia kijana wa Bungoma. Naona aibu kuandika hivyo, lakini niliogopa.

Alhamisi nilimwuliza Baba, tulipokuwa tunapukuchua mahindi.

"Baba, kama mtu anatumia daftari lako kujua mvua ya hapa, na siku zingine si mvua, ni wewe tu. Itakuwaje?"

Aliacha kupukuchua. "Nani amesema daftari langu ni mbaya?"

"Hakuna, Baba."

"Miaka ishirini na tano napima. Hata nikiwa na malaria nimepima. Siku uliyozaliwa nilipima kwanza ndiyo nikaenda hospitali, muulize mama yako."

"Muulize vizuri," Mama akadakia kutoka jikoni. "Hata jina la mtoto alikuja akisema ni milimita tisa."

Walicheka wote wawili. Nikacheka nao, punje za mahindi zikiniponyoka mikononi.

*

Jumamosi nilifika Bumula saa saba mchana. Nyumba ya kina Wekoye iko nyuma ya duka ambamo mama yake, Rispah, hushona nguo. Ni mjane, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Koti la suti lilikuwa mezani kando ya cherehani, mkono mmoja umeshapunguzwa, mwingine umechomekwa pini.

"Karibu, mwarimu, karibu! Mbona umekonda hivi? Ati kwenu Kitale mahindi yote mnauzia serikali?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Keti, chakura iko tayari."

Mezani alikuwapo pia Wanjala, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Wekoye, mzee mwembamba aliyevaa kofia ndani ya nyumba. Alinitazama kwa muda.

"Huyu ndiye wa nyota?"

"Ndiye, Baba," Wekoye akajibu. "Wakiuru. Bila yeye hatungekuwa na chochote."

"Wakiuru." Alilizungusha jina mdomoni kama mtu anayeonja chumvi. "Na kwenu ni Kitale gani?"

"Nje kidogo ya mji, Baba."

"Mm. Mwaka huu hata nyota zitaulizwa zinatoka upande gani."

"Wanjala, omba tukule," Rispah akasema.

Mzee aliomba. Aliombea safari ya Nairobi, akaombea suti, akamshukuru Mungu aliyezihesabu nyota zote na kuwaacha watoto wetu nao wahesabu moja. Rispah akaanza kupakua kuku. Nilikuwa nimekaa Bungoma miaka miwili, kwa hiyo nilijua firigisi, imondo wanavyoiita wao, hapewi mwanamke. Ni ya mwenye nyumba, na kama hayupo, ni ya kaka yake. Wanjala alikuwa ameshasogeza sahani. Kijiko cha Rispah kilipita juu ya sahani ya mzee, kikavuka meza, kikaishusha kwenye sahani yangu.

"Weh, Rispah!" Wanjala akavua kofia. "Basi dunia imeisha."

"Wacha iishe. Wewe umekura imondo miaka sitini, umetuletea nyota gani?"

Wekoye alicheka mpaka akakohoa. Hata mzee alicheka mwishowe, akitikisa kichwa. "Kula, binti," akaniambia, na safari hii sauti yake ilikuwa laini. "Kama umepewa, umepewa. Lakini ujue mimi ningeimaliza kwa mara moja."

Wote watatu walikuwa wananitazama. Nilikata kipande kidogo, nikakitia mdomoni, kikakataa kushuka. Nikakunywa maji. Walipoanza kuzungumza mambo ya safari, nilisogeza firigisi pembeni na kuifunika kwa ugali, kama mtoto anayeficha mboga. Rispah aliona. Alimwongezea Wanjala mchuzi.

Baada ya kula nilimwomba Wekoye tutoke nje. Tulisimama nyuma ya jiko, karibu na kinu cha kutwangia.

"Umemkosea Mama," akasema. "Hujakula imondo. Unajua amegombana na ukoo mzima kwa sababu ya hiyo nyama?"

"Kuna kosa kwa data."

"Kosa gani?"

"Vipande saba vilikuwa na mashimo."

"Mimi sikuona mashimo. Faili yako ilikuwa laini kabisa."

"Yalizibwa."

Nilisikia nilivyosema. Yalizibwa, kama vile mashimo yalijiziba yenyewe huko Kitale hakuna mtu karibu.

"Yalizibwa na nini?"

"Mistari iliyotangulia ilirudiwa. Ishirini na tano, ishirini na tano."

Wekoye ni mwalimu wa hesabu. Sikuhitaji kuongeza neno. Niliona midomo yake ikigawanya, na niliona alipofika. Alikaa juu ya kinu taratibu, mikono juu ya magoti.

"Arobaini," akasema.

"Ndiyo."

"Arobaini yetu."

Kuku walikuwa wanachakura majivu karibu na miguu yake. Akainua kichwa, na uso wake ulikuwa umekuwa mgumu.

"Nani alifanya hivyo? Ni kompyuta?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mwenyewe ameufungua.

"Pengine," nikasema.

"Ni hiyo saiba yenu. Ni yule Gichuki. Watu wenu wanauzia watu mtandao mbovu halafu..."

"Si Gichuki, Wekoye. Gichuki hana makosa."

"Basi ni Kemboi. Si ndiye alikata vipande? Alikata vibaya, akatuletea uchafu, sisi tukahangaika nayo miezi minne!" Alikuwa amesimama, anapapasa mifuko akitafuta simu. "Nampigia sasa hivi."

"Wekoye, ngoja."

"Ningoje nini? Jumanne ni siku tatu tu! Unataka nisimame huko nichekwe?"

Aliingia ndani, mimi nyuma yake. Rispah alikuwa amerudi kwenye cherehani, anashona mkono wa pili wa koti. Alimwona mwanawe, akaondoa mguu kwenye pedali.

"Nini mbaya?"

"Iko shida na kazi, Mama. Si mimi. Mtasikia wenyewe." Aliweka simu mezani katikati ya sahani, akabonyeza spika. Nilielewa kwa nini. Alitaka mama yake na mzee wasikie kwa masikio yao kwamba si yeye aliyeshindwa.

"Wekoye," sauti ya Daktari Kemboi ikasema, ya taratibu, ile ile ya darasani. "Habari ya nyumbani?"

"Si nzuri, Daktari. Hiyo arobaini si ya nyota. Vipande ulivyotutumia vilikuwa na mistari imejirudia. Ishirini na tano, ishirini na tano. Piga hesabu mwenyewe."

Wanjala aliweka kikombe chini bila sauti.

"Naona," Daktari Kemboi akasema. "Naona. Basi ni mimi."

Wekoye hakutegemea jibu la haraka hivyo. Alinitazama.

"Nilivikata nikiwa na haraka," sauti ikaendelea. "Na nilivikata mara mbili tatu. Lazima mahali fulani nilibandika mara mbili. Macho haya si yale ya zamani. Hata idarani wameanza kuniambia nipumzike, nami nimekuwa nikibishana nao. Pengine wao ndio wako sawa." Akakohoa. "Vijana wangu, msijibebeshe hili. Leo hii nitawapigia wenye mkutano niwaambie nimezeeka, nimechanganya faili. Na wewe Wekoye, nitamwandikia yule profesa kwamba programu yako ni safi, kosa ni la mwalimu wako. Wakiuru yuko hapo?"

"Yuko," Wekoye akasema.

"Mwambie anisamehe. Nakumbuka alivyohangaika na zile faili. Nilimsumbua bure mtoto wa watu."

"Ni mzee mzuri," Rispah akanong'ona, akijipangusa jicho kwa kipande cha kitambaa cha suti. "Anakubali makosa yake."

Wekoye alikuwa ameinamisha kichwa. Hasira ilikuwa imemtoka, nami nikaona ameanza kupumua, kwa sababu kwake jambo lilikuwa limepata mwenyewe na kuisha. Alinyoosha mkono kuchukua simu, aage.

Mimi nilikuwa sijawahi kusema kwa sauti mbele ya watu wazima wa nyumba nyingine. Darasani wasichana wa nyuma huniomba nirudie kila sentensi. Niliweka mkono juu ya simu kabla yake, nikainama karibu nayo, nikasema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, hata Wanjala akashtuka kwenye kiti.

"Daktari, ni Wakiuru. Vipande vyako vilikuwa sawa. Mtandao ulikula mistari, na mashimo niliyaziba mimi, kwa mkono wangu, bila kumwambia mtu. Wekoye hakujua. Nimejua tangu Jumatatu na nimenyamaza, na hata sasa hivi huko nje nimemwacha aamini ni kompyuta. Usiwaambie umezeeka. Waambie ni mimi."